Ruhusa ya Mume

Nilikuwa bingwa wa tenisi ya wanawake wa mkoa wa Mara mara tatu mfululizo, na bingwa wa kanda ya ziwa mara moja. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuwasubiri watu wamalize kucheka. Wakisikia Ringwani, kijiji ninachoishi, na tenisi katika sentensi moja wanadhani bibi wa watu amechanganyikiwa. "Tenisi? Ile ya wazungu?" Ndiyo, ile ile. Niliicheza peku, kwa raketi iliyofungwa kano za ng'ombe, nikawashinda wanawake waliokuja na viatu vyeupe na waume wenye magari ya serikali.

Na mtu asiniambie tulikuwa wachache. Tulikuwa wachache, sikatai. Mkoa mzima wanawake waliojua kushika raketi hawakufika kumi, na wengi walikuwa wake za wakubwa waliojifunza kwa sababu uwanja ulikuwa mlangoni mwao. Lakini uchache wao haukuwafanya wapige mpira pole pole. Niliwashinda mmoja mmoja, jua likiwaka, na hakuna aliyenipa gemu hata moja kwa huruma.

Kwetu ni Gorong'a, Tarime. Nilisoma shule ya wasichana ya bweni ambayo wamishenari waliiacha na uwanja mmoja wa tenisi nyuma ya jiko. Mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke wa Upareni mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, ndiye aliyetufundisha. Kila Jumamosi tuliusiriba uwanja kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, kama tulivyosiriba sakafu za nyumba za mama zetu, kisha tukachora mistari kwa majivu. Mpira ukidunda pale haupandi. Unateleza chini chini kama nyoka anayekwenda kwake. Mimi nilijifunza kuupiga ukiwa karibu na ardhi, na baadaye wanawake wa viwanja vya saruji hawakujua wanifanyeje.

Nilipomaliza shule mwalimu alinipa raketi yake ya zamani na akamwambia baba nipelekwe mbele zaidi. Baba alimsikiliza kwa adabu, akampa kuku, akapokea ng'ombe wa mahari yangu mwezi uliofuata. Kaka yangu alikuwa anataka kuoa, na alioa kwa ng'ombe hao wangu. Baba amekufa na nimemzika, lakini kwa hilo bado sijamsamehe.

Ng'ombe wale hawakuletwa na mwanamume. Waliletwa na mjane wa Ringwani, mwanamke aliyezaa mabinti watupu, nao wote wameshaolewa. Kwetu Wakurya mwanamke kama huyo haachi nyumba yake ife. Anatoa ng'ombe, anaoa. Nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mimi nikawa omokamona wake, yaani mke wa mwanawe wa kiume, mwana ambaye hakupata kuzaliwa. Watoto nitakaozaa ni wa nyumba yake na wanabeba jina la marehemu mume wake. Mwanamume wa kuzaa naye anatafutwa, anakuja, anaondoka, hana kiti. Wageni wakisikia wanatabasamu kwa namna ninayoijua. Hakuna cha kutabasamu. Ni mama mkwe na mke wa mwanawe, wanalima shamba moja na wanakula chungu kimoja.

Nilimwita mama. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imejaa bangili za shaba, na Kiswahili alikijua cha kuulizia bei ya chumvi tu. Mengine yote alisema kwa Kikurya.

Mvua za kwanza nyuzi za raketi zilikatika. Nilikuwa nimeitundika ukutani na yeye alikuwa akiitazama tangu siku niliyofika. Akaishusha, akaigeuzageuza.

"Hiki unachujia pombe gani?"

"Sichujii pombe. Napigia mpira."

"Nani anapigwa?"

"Hapigwi mtu, mama."

"Sasa kina faida gani?"

Nilichora mistari kwenye vumbi nikamweleza. Wavu haukumwingia akilini kabisa. Aliuona kama ua wa boma la mtu, na mpaka anakufa, mpira ukigonga wavu alikuwa akisema, "Umevunja ua wa watu." Lakini nyuzi alizielewa mara moja. Mume wake alikuwa fundi wa pinde na yeye ndiye aliyekuwa akimsokotea kano. Ng'ombe alipochinjwa kwa jirani alikwenda kuomba zile kano ndefu za mgongoni, akazianika, akazichana kwa kucha, akazilowesha mdomoni, akazisokota juu ya paja lake. Ilimchukua siku nyingi. Alipomaliza, aliipiga raketi kwa kidole ikalia kama upinde, naye akanirudishia.

Kano zikipata unyevu zinalegea, kwa hiyo raketi yangu ilikaa juu ya jiko ikila moshi, na mama aliipaka samli. Huko Mwanza mke wa daktari mmoja aliziba pua tuliposhikana mikono kwenye wavu. Nilimfunga seti ya kwanza sita kwa mbili, ya pili sita kwa moja, akaondoka na pua yake.

Lakini naruka. Kwanza kulikuwa na ukuta wa shule ya msingi, wa matofali, mrefu wa kutosha. Asubuhi kabla ya kengele ya shule nilipiga mpira pale na mama alisimama nyuma na mwanangu mgongoni akihesabu kwa Kikurya. Mia bila kudondosha, ndipo tuende kupalilia. Nikidondosha kwenye tisini na tisa, anaanza upya, hana huruma. Watu walipita wakasema mjane yule ameoa kichaa, na huenda kichaa kinaambukiza.

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa amehamishiwa Musoma. Akaniandikia barua kwamba kuna mashindano ya mkoa, nije. Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja, kila kaya na kiwanja chake, na kulikuwa na siku za shamba la kijiji ambazo hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kukosa. Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia zamu zangu zote atazilima yeye, juu ya zake. Alizilima. Niliporudi na kikombe nilimkuta anashika kiuno, akauliza kama nimevunja ua wa watu. Nikasema mara chache. Akasema mwaka ujao nisivunje hata mara moja.

Mwaka wa pili nilishinda tena, na wa tatu. Vikombe vyote vitatu viliishia ofisi ya wilaya, kwa kuwa, niliambiwa, katika ujamaa hakuna kikombe cha mtu binafsi. Sawa. Sikununa, au nilinuna kidogo. Mwaka huo wa tatu nikaenda kanda, Mwanza, nikashinda na kanda. Bingwa wa kanda alikuwa anakwenda Dar es Salaam kucheza mashindano ya taifa, na kutoka hapo ilikuwa inachaguliwa timu ya kwenda kucheza nchi za jirani. Hicho ndicho nilichokitaka maishani mwangu, na sijawahi kutaka kitu kingine namna ile, wala mume, wala nyumba ya bati. Nilitaka kuona kama kuna mwanamke katika nchi hii anayeweza kuuokota mpira wangu wa chini.

Kisha nikaletewa fomu. Mwanamke aliyeolewa, ilisema, alete ruhusa ya mume. Jina la mume, sahihi ya mume.

Afisa utamaduni wa wilaya, aliyeshughulikia michezo, alikuwa na ofisi Mugumu. Nilimjua. Alikuwa amehutubia kijijini kwetu miezi michache nyuma, amesimama juu ya lori, akisema kwamba sasa hakuna mkubwa kwa mdogo wala bwana kwa mtumwa, na mwanamke ni sawa na mwanamume. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Tulipanda lori la pamba, mama na mimi, tukashuka Mugumu mchana. Mama alikuwa amevaa bangili zake zote na kitenge cha kanisani. Yule afisa hakumwamkia. Kijana wa umri wa binti yake wa mwisho, na shikamoo haikumtoka mdomoni. Alituangalia juu ya miwani akauliza mama huyu ni nani.

"Ndiye aliyenioa."

"Nani?"

"Ndiye aliyetoa ng'ombe. Ruhusa ni yake, na amekuja kuitoa."

Mama akauliza kwa Kikurya anasemaje huyu. Nikamweleza. Akasema, "Mwambie ng'ombe walitoka zizini kwangu, mashahidi wapo. Mwambie nimemruhusu." Kisha akaona pedi ya wino mezani. Alikuwa ameshaweka dole gumba kwenye karatasi za serikali mara nyingi, za pamba, za kuhamishwa, na hakuna aliyewahi kulikataa. Akabonyeza dole kwenye wino wa zambarau, akauliza wapi. Nikamwonyesha mstari wa mume. Akaliweka dole pale, zuri, limenyooka, kila mchirizi unaonekana.

Afisa akapiga kelele. "Mnanichezea? Hii hati ya serikali!" Akafungua mlango akawaita mpiga chapa na dereva. "Njooni! Njooni mmuone mume!" Wakaja. Wakacheka, yule dereva mpaka akashika fremu ya mlango. Mama alisimama katikati yao dole lake likiwa na wino, akawatazama mmoja mmoja, halafu akanitazama mimi. Aliniuliza wanacheka nini. Mimi niliyekuwa mkalimani wa kila kitu, hilo sikulitafsiri.

"Fomu zimeisha," afisa akasema alipopumua. "Mlete mwanaume aandike hapo pembeni. Mwanaume yeyote, mimi sitauliza. Meli ya kuwahi treni ya Mwanza inatoka Musoma Jumamosi."

Mwanaume yeyote. Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii na bado yananichoma. Mlevi wa kwanza tuliyepishana naye sokoni angetosha. Mwizi wa ng'ombe angetosha, bora awe na suruali. Mwanamke aliyelima zamu zangu, aliyenisokotea kano kwa mate yake, aliyenihesabia mia kila asubuhi, huyo ndiye hakutosha. Na yule aliyesema hivyo ndiye aliyesimama juu ya lori.

Tukarudi. Tulipofika aliagiza aitwe baba wa watoto wangu, yule wa kuja na kuondoka. Alikuwa na mke na nyumba upande wa pili wa mto. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemjua tangu mwanzo.

Alikuja Alhamisi jioni, akanawa mikono, akala, akaomba kalamu. Mama alikuwa ameketi karibu na moto akisokota kano mpya, za safari ya Dar es Salaam, alizokwenda kuziomba mbali kwa sababu wiki ile hapakuwa na aliyechinja karibu.

"Tuelewane lakini," yule bwana akasema, kalamu ipo mkononi. "Karatasi ya serikali ikisema mimi mume, basi mimi mume. Mwenyekiti akiandika viwanja upya, hiki kitaandikwa kwangu. Na watoto waitwe kwa jina langu. Siwezi kuwa mume wa safari tu."

Alisema akitabasamu, kama mtu anayeomba chumvi. Na hakudanganya. Kwenye daftari la kijiji mama aliandikwa mjane, kiwanja chake cha mwisho kabisa kwenye mstari, na kila mara palipotokea mwanamume asiye na kiwanja, jicho lilikwenda huko mwisho. Nyumba ile ilisimama kwa kitu kimoja tu, kwamba kila mtu kijijini alijua haina mume na haihitaji. Karatasi moja yenye muhuri ingeiangusha.

Mama hakuinua macho kwenye kano zake. Akamwambia yule bwana kwa Kikurya, "Tia sahihi, mura. Tia aende."

Nikamtazama. Vidole vyake havikusimama. Alikuwa amesikia kila neno na ameshapiga hesabu yake. Jina la mume wake, nyumba aliyoikataza kufa, wajukuu aliowatolea ng'ombe, vyote alikuwa anavisukuma mezani ili mimi nikapige mpira.

Kalamu iligusa karatasi. Niliivuta ile karatasi kwa nguvu kiasi kwamba wino wa bluu ulichora mstari mrefu kutoka kwenye nafasi ya mume mpaka ukingoni. Nikamwambia yule bwana ameshakula, aende kwake. Akanyanyuka akicheka, akasema wanawake wa nyumba hii hawajui wanachotaka.

Tuligombana, mama na mimi, kwa mara ya kwanza.

"Ungemwacha," alisema.

"Wewe ungekaa wapi?"

"Mimi nimeshakaa."

Nilikuwa na hasira na afisa, na yule bwana, na baba yangu huko Gorong'a, na hasira ikazunguka kote ikarudi kwake yeye, kwa kuwa alinipenda hivyo na akaniachia mimi nichague. Jumamosi meli iliondoka Musoma. Nilikuwa kwenye shamba la kijiji, nalima zamu ya mama.

Akapelekwa mwingine badala yangu, mke wa mkubwa mmoja wa Musoma. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: alikuwa na sevu nzuri, ule mpigo wa kuanzia. Nilimfunga mara tatu katika miaka mitatu, mara ya mwisho bila kumpa hata gemu moja kwenye seti ya pili. Huko Dar es Salaam alishinda mchezo mmoja, akatolewa wa pili. Redio ilimtaja. Tulikuwa dukani tukisubiri sukari na mama akasikia neno Mara na neno tenisi, akanishika mkono, uso umechangamka.

"Ni wewe wanayemsema?"

"Siyo mimi, mama."

Akaushikilia mkono wangu mpaka zamu yetu ilipofika.

Mwaka uliofuata sikuitwa. Niliambiwa jina langu lina alama, nilikwenda ofisini kufanya mzaha na hati za serikali. Mwalimu wangu aliandika barua mbili, hakujibiwa. Raketi ilibaki juu ya jiko, na kwa kuwa hakuna aliyeipaka samli, kano zikakauka, zikawa zinakatika moja moja tukiwa tunapika. Kila ilipokatika moja mama aliinua kichwa. Alikufa wajukuu wake wameshaanza kuoa, chini ya paa lake, na wote wanaitwa kwa jina la mume wake mpaka leo. Kiwanja hakuna aliyekigusa. Siku zake za mwisho aliniambia tena ningemwacha yule atie. Nilimkasirikia hata pale, nikiwa nimemshika kichwa anywe uji.

Mwezi uliopita amekuja kijana kutoka wilayani, mpole, ana simu kubwa kama kitabu. Aliamkia vizuri, nilimpa kiti. Wanakusanya habari za wanamichezo wa zamani wa mkoa, watawekwa kwenye orodha, waitwe na kupewa cheti. Nikafurahi. Nisiwe mnafiki, nilifurahi kama mtoto. Nikamtajia ushindi wangu wote, mwaka kwa mwaka, seti kwa seti, naye akawa anaandika. Akauliza kwa nini sikuendelea. Kabla sijamaliza kufikiri nianzie wapi alikuwa ameshaandika, nikamwomba anisomee. Alikuwa ameandika: hakuendelea kwa sababu za kifamilia.

"Futa hiyo," nikasema.

"Bibi, wote tunawaandikia hivyo."

"Futa. Familia yangu ndiyo iliyonichezesha mpaka kanda. Andika ofisi ndiyo iliyonizuia."

Akafuta, mpole, mtoto wa watu. Kisha akafika mahali pengine. "Jina la mume, bibi?"

Nikaingia ndani nikaileta ile karatasi. Vikombe sina, vilipotea na ofisi ilipohama. Karatasi ninayo. Imekunjwa mpaka imetoboka kwenye mikunjo, lakini dole la zambarau lipo, kila mchirizi, na mstari wa bluu unapita kando yake bila kuligusa. Nikamwambia apige picha hapo, na jina aandike la mama, nikamtajia lote.

Akaandika. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Inakataa, bibi. Ukiweka jinsia ya kike hapa inakataa. Labda niweke mwanaume yeyote wa ukoo, ni jina tu, hakuna atakayeuliza."

Nilimwomba arudie. Akarudia, maneno yale yale, kwa upole wake.

"Na ukiacha wazi?"

"Bila hapo orodha haitoki, bibi. Jina lako halitakwenda."

Nikachukua karatasi yangu mkononi mwake, nikaikunja pale pale inapokunjwa siku zote. Nikamwambia basi lisiende.